'Mtandao uko chini': Wahusika waseme uko chini wapi

KIWANGWA, kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, nanasi likishachumwa linahesabiwa saa. Mkulima analijua hilo, dalali analijua, na dereva wa Fuso iliyoegeshwa chini ya mwembe analijua zaidi ya wote, kwa kuwa yeye ndiye atakayelaumiwa sokoni Dar es Salaam mzigo ukifika umelainika. Mzigo umeshapakiwa, bei imekubaliwa, kilichobaki ni malipo. Mnunuzi anabonyeza simu yake, ujumbe wa kuthibitisha hauji. Anabonyeza tena, hauji. Wakala aliyeko dukani anatazama simu zake mbili, anatikisa kichwa na kutamka maneno matatu ambayo siku hizi yamekuwa kama utabiri wa hali ya hewa: "Mtandao uko chini."

Hapo ndipo mjadala unapoishia. Hakuna anayeuliza zaidi, kwa sababu mtandao umekwishazoeleka kama mvua: ukija umekuja, usipokuja ni kusubiri. Wenye mifumo nao wameridhika na mazoea hayo, maana yanawaondolea lawama.

Swali ambalo haliulizwi ni hili: uko chini wapi? Kwenye mnara? Kwenye waya uliopita baharini? Au kwenye kompyuta iliyowekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi mjini, ambayo imewashwa mwaka juzi na tangu siku hiyo hakuna aliyeikagua? Majibu hayo matatu hayalingani hata kidogo. La kwanza na la pili mara nyingi ni ajali. La tatu ni uzembe, na uzembe una mwenyewe.

Ieleweke kwamba suala hili si la vijana wa kompyuta peke yao. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, na mashine za kutolea risiti za kielektroniki zilipofuata mwaka 2010, biashara ya mtu mdogo imehamia hatua kwa hatua ndani ya mitambo asiyoiona. Ushuru na ada za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba. Umeme hununuliwa kwa simu. Tangu msimu wa 2024/2025 hata korosho, zikiwemo za Mkoa wa Pwani, zimekuwa zikiuzwa katika minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima ambaye zamani alihitaji jembe, gunia na mizani ya kuaminika, sasa anahitaji na kitu cha nne ambacho hajawahi kukishika kwa mkono.

Ni kweli kwamba zipo siku ambazo mtandao wenyewe huanguka. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa tayari na jeraha: Februari mwaka huohuo mikongo kadhaa, SEACOM ikiwemo, ilikatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika iliburutwa na nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa na Wahouthi wa Yemen. Mtu akifungiwa mlango wa mbele na wa nyuma kwa wakati mmoja, hana pa kutokea.

Watu wa Bagamoyo si wageni wa waya wa baharini. Mwaka 1890, enzi za Wajerumani, waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari kuunganisha Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam. Mkongo wa kisasa wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Tofauti ni kwamba waya ule wa zamani ulipokatika, aliyekosa habari alikuwa bwana mkubwa wa boma. Leo anayekosa ni mama anayenunua samaki mnadani pale ufukweni Bagamoyo, ambaye barafu yake inayeyuka huku akisubiri ujumbe wa fedha kutoka kwa mteja wake wa Dar es Salaam.

Lakini siku ya mkongo kukatika ina dalili zake, na mtu yeyote anaweza kuziona bila kusomea. Hitilafu huja ghafla. Huwapata wengi kwa saa moja. Huduma nyingi huzorota pamoja, hasa zile za nje ya nchi. Na habari zake hutangazwa redioni kabla ya chakula cha mchana.

Siku nyingine nyingi, ambazo ndizo zinazomla mkulima polepole, dalili zake ni za aina nyingine kabisa. Simu ileile inayokataa kuleta risiti inafungua matokeo ya mpira bila shida. Mfumo mmoja unasuasua, mingine inakimbia. Tena haukuanza leo: wiki tatu zilizopita ulikuwa unajibu mara moja, wiki iliyopita ukachukua nusu dakika, jana dakika mbili, leo umegoma. Halafu usiku mtu fulani asiyejulikana anafanya jambo fulani lisilotangazwa, na asubuhi mambo yanakwenda kama maji. Baada ya miezi miwili mchezo unarudi palepale.

Ugonjwa unaokuja kidogokidogo, unaopona mashine inapozimwa na kuwashwa, kisha ukarudi baada ya muda uleule, si ugonjwa wa waya. Waya wa baharini hauponi kwa kuzimwa na kuwashwa. Huo ni ugonjwa wa mashine iliyokaa macho muda mrefu mno bila kuangaliwa.

Mwezi Mei 2021 wateja wa TANESCO walishindwa kununua umeme wa LUKU kwa siku kadhaa. Simu zilikuwa zinapiga na intaneti ilikuwa inafunguka. Kilichokwama ni mfumo wa kuuzia umeme. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika hilo wasimamishwe kazi. Iwe uamuzi ule ulikuwa wa haki au la, ulikiri jambo moja muhimu: kwamba mfumo ukilala, kuna watu ambao kazi yao ni kujua kwa nini umelala.

Ili mkulima au mfanyabiashara aweze kuuliza swali lenye meno, inabidi ajue kidogo mifumo hii inaishi wapi. Siku hizi ni nadra mfumo mmoja kumiliki kompyuta nzima. Kompyuta kubwa, inayoitwa seva, hugawanywa kwa programu maalumu iwe kama kompyuta nyingi ndogo. Kila moja ya hizo huitwa mashine pepe. Haina bati wala nati zake yenyewe, lakini inafanya kazi kana kwamba inazo.

Mfano wake ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ana vyumba sita, kila mpangaji ana ufunguo wake na haoni ndani kwa mwenzake. Lakini mita ya umeme ni moja, tanki la maji ni moja, na geti ni moja. Mpangaji wa chumba cha tatu akianza kuuza barafu na kuwasha majokofu manne, taa za chumba cha tano zinafifia. Wa chumba cha tano ataita fundi, fundi atakagua waya zake zote na kukuta hazina kasoro. Hazina kweli. Tatizo liko kwa jirani. Mashine pepe huugua hivyohivyo, na fundi asiyepewa ruhusa ya kutazama nyumba nzima atamaliza mwezi akibadilisha balbu.

Hilo ni la majirani. Yapo ya mpangaji mwenyewe, hasa akikaa muda mrefu bila kufanya usafi.

Kila simu inapoingia kwenye mfumo, seva huiandika kwenye daftari, kama mlinzi wa getini anavyoandika wageni. Mgeni akitoka anasaini, jina lake linafutwa. Sasa fikiria mteja aliyeko Makurunge au njia ya Saadani, mahali ambapo mawasiliano huja na kupotea. Katikati ya malipo simu yake inapoteza mnara. Ameondoka bila kusaini. Jina lake linabaki daftarini. Katika programu endeshi ya Linux, ambayo seva nyingi duniani huitumia, mgeni wa namna hiyo kwa mpangilio wa kawaida anaweza kubaki ameandikwa kwa siku 5 nzima. Daftari nalo lina kurasa za kuhesabika. Likijaa, mlinzi hawafukuzi wageni wapya kwa maneno, anawapuuza tu. Mteja anaona kiduara kinazunguka kwenye simu, anajaribu tena, na kila anapojaribu anaongeza foleni.

Kwa hiyo ule mtandao dhaifu wa vijijini unahusika kweli, ila si kwa namna inayodhaniwa. Haujaangusha mfumo. Umeacha majina daftarini, na aliyepaswa kulitunza daftari hakulitazama.

Upande wa kutokea nako kuna hesabu. Seva inapotaka kuzungumza na seva nyingine, kwa mfano ya benki, hutumia mlango wenye namba. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux milango hiyo ni kama 28,000, na kila mmoja ukifungwa hupumzishwa kwa sekunde 60 kabla ya kutumika tena. Ni mingi kwa siku ya kawaida. Lakini ikiwa aliyeandika programu alisahau kuamuru milango ifungwe, inabaki wazi mmojammoja, siku kwa siku, hadi asubuhi ya mnada inakuta hakuna mlango uliobaki. Vivyo hivyo kwa memori: programu inayochukua kidogo na kurudisha pungufu haitaonekana siku ya kwanza wala ya kumi.

Ipo na kasoro nyingine ambayo mafundi huwa hawapendi kuisema hadharani. Kabla ya kubadilisha kitu kwenye mashine pepe, fundi mwangalifu hutunza taswira ya jinsi ilivyokuwa, ili mambo yakiharibika arudi nyuma. Ni desturi nzuri. Ila taswira hiyo ikiachwa inaendelea kunenepa, na kila kinachoandikwa hupita njia ndefu zaidi. Kampuni ya VMware, mojawapo ya kubwa katika kazi hii, inashauri taswira moja isitumike zaidi ya saa 72. Zipo zinazosahauliwa miaka. Hapo diski ndiyo inayochelewa, lakini mteja aliyeko Mapinga hawezi kujua. Kwake yeye ni "mtandao".

Wala haya si mambo ya nchi maskini tu. Programu za Windows 95 na Windows 98 ziligundulika kuwa hukwama zikiachwa zimewashwa kwa siku 49.7, kwa sababu kihesabio chake cha muda kilikuwa kinajaa. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza umeme wa ndege za Boeing 787 uwe unazimwa mara kwa mara, baada ya kubainika kuwa vidhibiti vya jenereta vikikaa siku 248 mfululizo bila kuzimwa vinaweza kujifunga vyote kwa pamoja. Ikiwa ndege ya kisasa inahitaji kupumzishwa, seva inayolipa fedha za ufuta haina sababu ya kujisifu kuwa imekaa mwaka mzima bila kuzimwa. Miongoni mwa mafundi ipo fahari ya namna hiyo, na ni fahari ya bure.

Basi ni kuzima na kuwasha? Hapana, na hapa ndipo penye hoja. Kuzima na kuwasha bila kupima ni kumpa panadol kila mwenye homa. Homa inashuka, mgonjwa anashukuru, na malaria inaendelea na kazi yake. Vibaya zaidi, mashine ikizimwa, ushahidi wote unafutika: daftari la wageni linaanza upya, milango yote inafunguliwa, memori inarudi tupu. Fundi aliyekuwa na dakika 10 za kumkamata mwizi akiwa ndani amechagua kumfungulia dirisha.

Utaratibu unaofaa hauhitaji fedha nyingi. Kwanza ni kupima kutoka pande mbili. Ujumbe mdogo wa majaribio utumwe kwenye seva kutoka nje, tuseme Bagamoyo mjini, na mwingine utumwe kutoka kwa seva jirani iliyo ndani ya jengo lilelile. Ukichelewa wa nje peke yake, njia ndiyo mbovu. Ikichelewa yote miwili, hakuna haja ya kumsumbua mwenye mnara. Kisha ilinganishwe mashine pepe inayougua na nyingine iliyo juu ya seva ileile kubwa: zote zikisuasua, atazamwe jirani anayekula kuliko wengine.

Baada ya hapo ndipo yahesabiwe yaliyomo ndani: majina mangapi daftarini, milango mingapi imebaki, memori imetumika kiasi gani, diski imejaa wapi. Hesabu hizo ziandikwe kabla ya kugusa chochote. Kama hali ni mbaya na watu wanasubiri, mashine na iwashwe upya, hakuna anayekataa. Lakini karatasi iwe imeshabaki mezani. Ikirekebishwa, kirekebishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha matano pamoja hatajua lipi lilitibu, na likirudi ataanza sifuri.

La maana kuliko yote ni hesabu hizo kuchukuliwa kila siku, hata siku njema. Tatizo la kujaa polepole haliwezi kumficha mtu anayechora mstari wa wiki nane. Atauona unapanda kama maji ya mtoni Ruvu wakati wa masika, na ataweka mashine ipumzike usiku wa Jumapili, kwa tangazo, badala ya kuisubiri ijizime yenyewe saa nne asubuhi ya mnada.

Wapo watakaosema kwamba mfumo wa malipo hauwezi kusimamishwa hata dakika moja. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kweli mifumo haisimami. Inasimama, tofauti ni kwamba inajichagulia saa yenyewe, na mara nyingi huchagua saa ya wateja wengi. Wenye mzigo mkubwa huweka mashine mbili zinazofanya kazi moja, ya kwanza ikipumzika ya pili inashika. Gharama ipo. Ila gharama ya sasa nayo ipo, isipokuwa inalipwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye bajeti ya idara yoyote: mwenye nanasi, mwenye samaki, bodaboda aliyesubiri mzigo tangu alfajiri.

Wafanyabiashara wadogo nao wasijiweke kando. Duka la pembejeo lenye programu ya hesabu kwenye kompyuta moja ya mezani, nyumba ya wageni yenye ruta iliyopachikwa ukutani tangu jengo lifunguliwe, chama cha kuweka na kukopa chenye seva ndogo chini ya meza ya mhasibu, vyote vina ugonjwa uleule kwa kiasi chake. Ruta ya ukutani nayo ina daftari la wageni, tena dogo. Mwenye duka akiona intaneti inazidi kuwa nzito siku baada ya siku, kabla hajampigia simu mtoa huduma na kugombana naye, achomeke kompyuta moja moja kwa moja kwa waya na kulinganisha. Aandike tarehe kila anapolazimika kuzima na kuwasha. Tarehe zikianza kufuatana kwa utaratibu, amepata jibu lake.

Kwa vyama vya msingi vya ushirika, nguvu yao iko kwenye mikutano na kwenye mikataba. Chama kinachompa mtu kazi ya kuendesha mfumo wa mizani au wa malipo ya wakulima kinaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba kila hitilafu inayozidi muda uliokubaliwa ifuatwe na maelezo ya maandishi: ilianza lini, ilipimwa vipi, ilikuwa kwenye njia au kwenye mashine, nini kimebadilishwa. Ukurasa mmoja unatosha. Maelezo yanayosema "tatizo la mtandao" yarudishwe kwa mwandishi wake, kama mkaguzi anavyorudisha hati isiyo na risiti.

Mamlaka za Serikali nazo zina mahali pa kuanzia. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Ni jambo la busara taasisi hizo zikatangaza ratiba ya matengenezo kwa Kiswahili cha kueleweka, kupitia redio zinazosikika Bagamoyo na Chalinze na ujumbe wa simu, ili mnunuzi asijaze Fuso usiku ambao mfumo unapumzishwa. Na hitilafu ikishatatuliwa, sababu yake itajwe kwa jina.

Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba. Mwezi Septemba mizani hukaguliwa, maghala hufagiwa na magunia huhesabiwa. Seva zitakazopokea bei za wanunuzi na zile zitakazotuma fedha kwa wakulima hazimo kwenye orodha ya ukaguzi huo. Kuziingiza ni kuongeza mstari mmoja: mashine hii imewashwa tangu lini, na mara ya mwisho imetazamwa na nani.